Mwani wa Kwenye Lundo

Mzazi mwenye mtoto msomi na asikilize hili. Mama mmoja, mfagizi wa kituo cha utafiti wa bahari, alikuwa na binti wa pekee, na kazi ya binti hapo hapo kituoni ilikuwa kuchunguza mwani. Chumba chake cha kazi kilijaa makabati ya mwani mwekundu wa ukoo mmoja, uliokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Ukutani palikuwa na ramani yenye pini. Kila pini ilisema: hapa unaota.

"Mnautambua kwa rangi?" mama aliuliza.

"Rangi inadanganya, mama. Ukipigwa na jua unakuwa wa njano. Tunaukata kwa wembe, tunatazama mbegu zake zimekaaje ndani."

"Na huu uliojaa ufukweni?"

"Huo umeletwa na mawimbi, hauwekewi pini. Nani ajuaye umetoka wapi? Lazima tuukute umeshika mwamba."

Mkataba wa binti ulikuwa unakwisha mwezi ule, na mkuu wake alitaka ugunduzi mpya ndipo auongeze. Hilo likamkaa mama rohoni. Jumapili akaokota mwani mzuri kwenye lundo la ufukweni, kitako chake bado kimeng'ang'ania kipande cha kombe la chaza.

Binti alipoukata akaruka. "Huu haujawahi kuonekana upande huu wa bahari! Ulikuwa umeshika mwamba?"

"Mwamba ule wa mbele."

"Kweli, mama?"

"Nimeung'oa kwa mkono wangu huu."

Pini ikachomekwa.

Wiki ya pili, mama akakuta kamba na miwani ya kuzamia mlangoni.

"Mkuu anataka mwani wa pili kama ule," binti alisema. "Leo nazama kwenye mwamba wako."

Siku hiyo mawimbi yalikuwa yakiupiga mwamba ule kama yanaudai. Mama akasimama mlangoni.

"Usiende."

"Mama, usianze."

"Niliuokota kwenye lundo."

Binti akaketi juu ya kamba. "Nilikuuliza. Nilikuuliza mara mbili."

Kazini, walipomweleza ukweli, mkuu alicheka peke yake. "Mama, umeuhamisha mwani bila nauli!" Binti hakucheka. Alichomoa pini, tundu likabaki kwenye ramani.

Ijumaa mkataba ukaisha, haukuongezwa. Binti yupo, mzima, anakula vizuri. Ila siku hizi mama akimwambia neno lolote, hata kwamba nje kunanyesha, binti kwanza humtazama usoni.

"Umeona mwenyewe?" huuliza, kisha huenda dirishani.