Jiwe la Akina Heraty

"Hakuna hata herufi moja," alisema Gerard Heraty. Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi mbichi, akilisugua jiwe kwa mswaki.

"Ukizidi kulisugua litatoboka, bwana," Bríd akamtania. Alikuwa amewaletea chai na mkate wa magadi. "Mwaka ule wa njaa kuu, enzi za mababu, watu walizikwa bila hata sanduku. Nani alikuwa na nguvu za kuchonga herufi?"

Mumewe, Colman Tiernan, mtunza makaburi wa kijiji cha Kilbrack, hakucheka. Aliegemea koleo lake akatazama pembeni.

Gerard alikuwa mgeni kutoka Ohio. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akitafuta kaburi la babu wa kale wa ukoo wake, Michael Heraty. Kule Dublin daftari za sensa ziliungua wakati wa vita. Kitabu cha ubatizo cha parokia kilianza mwaka 1811, na kurasa zake za mwanzo zililiwa na ukungu. Zilizosalia zilimpa akina Michael Heraty watatu wa mwaka mmoja, maana huku mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba, na mabinamu wengi hubeba jina moja. Alipokwama, watu wakamwelekeza kwa Colman. Naye Colman, kama kawaida yake, akamwonyesha jiwe lile dogo kando ya ua wa kaskazini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Colman ilikuwa na urefu wa miaka kumi na tisa. Jiwe hilohilo alishawapa akina Joyce wa Boston, na mwalimu mmoja wa Australia aliyelia hadi ikabidi ashikwe asianguke. Colman hakupokea hata senti. Kila mgeni alipiga magoti, akasali, akaacha maua. Colman alisimama nyuma yake akiitikia "Amina" kwa uchungu ambao wageni waliudhania kuwa adabu.

"Basi tutaandika sisi," alisema Gerard akiinuka. "Nimeshaagiza jiwe la marumaru. Fundi anakuja kesho. Atang'oa hili, achimbe msingi wa futi tatu."

"Futi tatu?"

"Upepo wa huku mkali, mzee. Anasema bila msingi litaanguka."

Colman alikijua kina cha kaburi lile. Lilifika magotini tu, maana chini ni mwamba, na siku ile alichimba akikimbizana na mapambazuko.

"Usichimbe hapa."

"Kasisi amenipa ruhusa."

"Usichimbe, nimesema! Siye babu yako huyo."

"Si wewe uliyenileta?"

"Nilikudanganya. Mimi sijui babu yako alikolala. Hakuna ajuaye. Nisamehe."

Uso wa Gerard ulinyauka. "Miaka kumi na mmoja, mzee! Dada yangu mgonjwa, hainuki kitandani. Jana nimempigia simu, nikamwambia nimempata. Nimekukosea nini mimi?"

"Hukunikosea. Nilitaka aombewe."

"Nani?"

Colman alikuwa akimtazama mkewe. Kikombe kilikuwa kimeinama mkononi mwa Bríd, chai inamwagika, naye haioni.

Zamani, mtoto akifa kabla ya ubatizo, kanisa halikumpokea. Hakusomewa misa wala hakuandikwa kitabuni. Baba alimbeba alfajiri kwenye kisanduku, akamfukia kando ya ua, na akirudi haulizwi kitu. Mama haambiwi mahali. Ndiyo ilikuwa desturi, na Bríd aliifuata akiwa na miaka ishirini na miwili, matiti bado yamejaa maziwa. Hawakujaliwa mwingine. Kwa miaka thelathini na saba alipita kando ya ua huo akienda misani.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye."

"Na wageni wote hao, walikuwa wakimwombea mwanangu?"

"Wote. Kasisi alikataa kumwombea, Bríd. Nikaona, kama si yeye, basi yeyote."

"Ukanificha! Umekula chakula changu miaka yote hii, ukanificha!"

"Niliogopa utakuja kumfukua."

"Ningekuja," alisema Bríd. "Kwa kucha zangu ningekuja."

Akalia kwa sauti, mbele ya mgeni, jambo ambalo watu wa Kilbrack hawalifanyi. Colman alinyoosha mkono kumshika, Bríd akausukuma. Kisha akajifuta machozi kwa mkono wa gauni, akamgeukia.

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Nyeusi."

Bríd alipiga magoti. "Kichwa kiko upande gani?"

Colman akaonyesha kwenye jiwe.

"Sogea kidogo, bwana," Bríd alimwambia Gerard, bila ukali. "Umemkanyaga miguu."

Gerard akaruka kando. Bríd aliweka kiganja penye jiwe, akakishusha polepole juu ya nyasi, akimfuata mtoto kutoka kichwani. Mkono haukwenda mbali.