Vifungo vya Lorraine

Alhamisi jioni Lorraine alirudi kutoka shuleni na koti la bendi mkononi, na badala ya kupita moja kwa moja hadi chumbani kwake, alisimama kwenye mlango wa jikoni. Alisema kitu kwa Kiswidi huku mkono wake ukienda mbele na nyuma hewani, kama mtu anayepiga pasi.

Nyanya yake, Wanjira, alikuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini polepole, kama mtu aliyeona ndege ametua dirishani na hataki kumshtua.

"Nikupigie pasi, mama?"

Lorraine aliitikia kwa kichwa.

"Pasi tu?"

Akaitikia tena, akalitundika koti kwenye kiti, akaenda zake. Mlango wa chumba chake ukafungwa.

Tangu Wanjira aje kuishi ughaibuni, Hässelby, kwa binti yake Rita, baada ya kumzika mume wake, hakuna aliyekuwa amemwomba kitu. Si kwamba walimtendea vibaya. Rita alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kuwatunza wazee wa watu, na kila siku, hata akiwa amechelewa, alimwachia mama yake chai kwenye chupa. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa akimshikia mlango wa lifti na kumtabasamia. Lorraine mwenyewe alimsalimia, "Hej, Shosho," akiingia na akitoka. Lakini kati ya chai ya asubuhi na salamu ya jioni kulikuwa na siku nzima, na ndani ya siku hiyo Wanjira alisikia friji ikinguruma, ikinyamaza, kisha ikinguruma tena.

Kwa hiyo koti lile lilikuwa jambo kubwa. Aliona kwamba akilifanyia kazi nzuri, huenda mlango wa chumba kile ukafunguka kidogo, na mtoto akamletea kingine kesho, na kingine keshokutwa.

Lilikuwa koti jeusi, la zamani, lenye mistari ya fedha mabegani na vifungo vya shaba kutoka shingoni hadi kiunoni. Alilipiga pasi kwa kitambaa chenye unyevu mpaka mikono ikakaa na mkunjo ulionyooka. Akarudi nyuma kulitazama, na hapo ndipo alipoona vifungo. Vilikuwa vimefifia, rangi ya chai iliyolala.

Marehemu mume wake, Mwaura, alipiga tarumbeta katika bendi ya Magereza miaka mingi, na Wanjira ndiye aliyemtunzia sare. Mwaura alikuwa akisema kwamba kifungo kichafu humsema mtu kabla hajapuliza. Vifungo kama hivi vingemwaibisha mtoto mbele ya watu. Wangeuliza, kwani kwao hakuna mtu mzima?

Ijumaa, nyumba ilipobaki tupu, alikata kipande cha boksi la maziwa, akakitoboa mwanya, akakipenyeza chini ya kila kifungo ili kitambaa kisichafuke. Akachukua siki na chumvi, kisha dawa ya meno, kisha soksi kuukuu. Alisugua kwa saburi, akihama kutoka kifungo hadi kifungo, na siku ile hakuisikia friji hata mara moja. Alipomaliza, kila kifungo kilimwonyesha uso wake, mdogo na wa manjano. Akaliingiza koti kwenye mfuko wake na kufunga zipu.

Usiku huo Lorraine alikaa chini kati ya magoti ya Wanjira asukwe, nywele zilale chini ya kofia. Aliposimama alisema kwa Kiswidi chepesi, ili nyanya yake aelewe, kwamba akitaka anaweza kuja kesho kutazama mashindano ya bendi.

"Nitakuja," Wanjira alisema.

Uwanja ulikuwa karibu na Vällingby. Mwezi wa Mei ulikuwa umefika lakini upepo bado ulikuwa na meno. Vijana walivaa kando ya mabasi, wakichekeana, na msichana mmoja mwenye ngoma na mtandio mweusi uliobana vizuri chini ya kofia akamjia Wanjira mbio.

"Shikamoo, Bibi! Mimi Kamila, rafiki yake Lorraine."

"Marahaba, mwanangu!" Wanjira alicheka. "Wewe ni wa Tanzania. Sisi wa Nyeri hatuna adabu nyingi namna hiyo."

"Ndiyo mama anavyosema kuhusu Wakenya, lakini mimi sijasema kitu."

Walikuwa bado wanacheka mwalimu kijana wa bendi, Axel, alipopiga makofi na vijana wakajipanga. Alipita mbele yao, akinyoosha kola hapa, akishusha kofia pale. Alipofika kwa Lorraine alisimama. Jua lilikuwa limetoka, na kifua cha Lorraine kiliwaka kama bati jipya kati ya nyumba za makuti.

Axel hakufoka. Aliongea kwa upole, akionyesha vifungo vya huyu na vya yule, vyote vimefifia sawasawa. Lakini uso wa Lorraine ulibadilika.

"Anasemaje?" Wanjira aliuliza.

Kamila alishusha sauti. "Bibi, kuna mwamuzi wa sare tu. Anapita kati ya safu. Hatafuti aliye nadhifu kuliko wenzake, anatafuta aliye tofauti. Akimwona mmoja tu, bendi nzima inakatwa pointi. Koti la akiba hakuna. Axel anasema ikibidi Lorraine atakaa nje."

Lorraine aligeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Shosho, nilikuambia pasi tu! Pasi tu! Kwa nini ulivigusa?"

Alisema kwa Kiswahili. Wanjira alikuwa amengoja miezi mingi kusikia Kiswahili kutoka kinywa kile, na sasa kilikuja hivi.

Alifungua mkoba wake, akatoa kile kikopo cha mafuta ambacho hakutoka nyumbani bila kuwa nacho. Kwa mafuta hayo alikuwa amewang'arisha Rita na ndugu zake, nyuso na magoti, kila asubuhi ya shule. Aliinama, akachota vumbi la pembeni mwa uwanja, akalichanganya na mafuta kwenye kiganja.

"Njoo, mama. Simama wima."

Akaanza na kifungo cha shingoni. Alipaka kwa kidole gumba, akapangusa kidogo, akatazama cha Kamila, akapaka tena. Kamila alimshikia Lorraine kofia. Uso mdogo wa manjano ulizimika katika kifungo cha kwanza, kisha katika cha pili, ukaendelea kuzimika hadi kiunoni. Lorraine alikuwa akipumua kwa kwikwi, na Wanjira alihisi kila pumzi chini ya kidole chake.

Axel alirudi nyuma akatazama. Akatazama tena kutoka upande mwingine. Kisha akaweka mkono kifuani na kumshukuru Wanjira, akamwinamia kidogo, kama mtu aliyefundishwa vizuri nyumbani.

Wanjira alipanda jukwaani peke yake. Mwanamke asiyemjua alisogea na kumfunika magoti kwa nusu ya blanketi yake.

Bendi ikaingia. Ngoma zilitangulia, na nyuma yake safu za makoti meusi na kofia zilizoshuka hadi kwenye nyusi. Wanjira alimtafuta Lorraine katika safu ya kwanza, akamtafuta katika ya pili. Walinyanyua goti pamoja, wakageuka pamoja, na kila alipodhani amempata, safu ilijikunja na kumpoteza. Mwamuzi wa sare, mama mmoja wa koti la kijivu, alipita kati yao akitazama vifua. Wanjira alishika ukingo wa blanketi. Yule mama alipita safu hii, akapita ile, akafika mwisho. Hakusimama popote.

Mwenye blanketi alimuuliza kitu akionyesha uwanjani, na Wanjira alielewa: wako ni yupi? Alinyanyua kidole, akakizungusha juu ya safu zote, akakishusha.

Baadaye Lorraine alimjia mbio, kofia mkononi, misuko imekaa vilevile alivyoisuka.

"Hatukukatwa kwa sare! Shosho, uliniona?"

"Nilikutafuta sana," Wanjira alisema. "Sikukuona."

Lorraine alimtazama. Halafu, polepole, kwa Kiswahili kilichomwia kigumu: "Basi ulifanya vizuri."

Wenzake walimwita kutoka kwenye basi. Walikuwa wanakwenda kula pamoja. Alivua koti, akaliweka mikononi mwa nyanya yake. "Nishikie hadi nyumbani. Kuna mashindano mengine mwezi ujao. Na usiving'arishe!"

"Sitagusa."

Ndani ya treni ya kurudi Hässelby, Wanjira alikaa karibu na dirisha na koti mapajani. Abiria walikuwa wakishuka kila kituo, hadi behewa likabaki karibu tupu. Kidole gumba chake kilikuwa bado na mafuta na vumbi. Kikatembea chenyewe hadi kwenye kifungo cha juu, kikatulia hapo, na yeye akakishika kidole hicho kwa mkono wa pili, kisije kikasugua.