Mlima wa Albano na Mlima wa Mzee Lusungu

Picha ile ilikuwa kwenye ukuta wa mgahawa miaka yote, juu ya friji ya soda, na hakuna mteja aliyewahi kuiamini. Ilimwonyesha Albano mwenyewe, amevaa koti jekundu na miwani mikubwa ya njano, amekunja magoti katikati ya mlima mweupe pe. Miguuni alikuwa amefungwa skii, zile mbao ndefu nyembamba ambazo watu wa nchi za baridi hutelezea kwenye theluji.

"Hiyo umeedit," Anselmo alikuwa akimwambia kila akiingia kunywa chai. Anselmo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, karakana yake ilipakana na mgahawa. "Siku hizi simu inakuweka hata mwezini, braza."

Albano alishachoka kujieleza. Alikuwa mtu wa Mbinga, mtoto wa mashamba ya kahawa yaliyoning'inia milimani. Padri mmoja alimsaidia kwenda Austria kusomea upishi, akamalizia ujana wake huko, kwenye jiko la hoteli moja mjini St. Anton, chini ya milima ambayo watu huvuka bahari kwenda kuitelezea. Kati ya chakula cha mchana na cha jioni wapishi walikuwa na saa chache za kupumzika. Wenzake walilala, yeye alipanda mlimani. Mwanzo alianguka kama gunia la mkaa, na watoto wadogo wa kule wakimpita huku wanacheka. Miaka ikaenda. Mwisho wenyeji wenyewe wakawa wanamgongea mlango kila walipokwenda kwenye miteremko mibaya, ile isiyosawazishwa na mashine, ambayo mtelezaji wa kawaida huiangalia kwa mbali akaenda zake.

Kisha mkataba ukaisha, mama yake akaugua, akarudi. Akaoa, akafungua mgahawa Kinyerezi. Upishi alioupata kule ulimpa riziki. Ule ujuzi mwingine, ambao ndio aliouhangaikia kwa jasho na michubuko, alirudi nao mzima na hakuwa na pa kuuweka. Hata kuusimulia ilikuwa kazi. Akisema "mteremko mkali," watu walimwangalia kama anasimulia bembea.

Basi asubuhi moja akaingia mzee mrefu, mwenye kofia ya pama, anayechechemea kidogo mguu wa kushoto. Aliitwa Lusungu, mhandisi wa mitambo aliyestaafu, mtu wa Mbeya, na alikuwa amehamia nyumba moja bondeni, chini ya mgahawa, mwezi ule ule.

"Shikamoo mzee, karibu," Albano akasema.

"Marahaba. Supu ipo?"

"Ipo, ya moto kabisa."

Lakini mzee hakukaa. Alisimama mbele ya friji, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hizi skii ni zako?"

Albano akaacha mwiko ndani ya sufuria. Tangu arudi hakuwahi kumsikia mtu akilitamka neno lile bila kwanza kuuliza ni kitu gani.

"Zangu, mzee. Nilikuwaga Austria."

"Magoti umeyakunja vizuri. Uzito uko mguu wa nje. Vizuri." Mzee akatikisa kichwa polepole. "Mimi nimeteleza Cheget. Milima ya Kaukazi, enzi za Wasovieti. Nilikuwa nasomea uhandisi."

Albano alitamani kumkumbatia. Badala yake akamgeukia Anselmo, aliyekuwa pembeni na chai yake, sauti ikampanda. "Umesikia? Haya, muulize mzee kama picha nimeedit! Muulize!"

"Picha ni ya kweli," mzee Lusungu akasema, akivuta kiti. "Ila huo mteremko ni wa watoto."

Mgahawa mzima ulilipuka. Anselmo alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Vijana wa bodaboda waliokuwa nje wakaingia kuuliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakacheka. Albano akabaki ameshika bakuli. Miaka yote amekosa shahidi, na leo shahidi amepatikana, kasimama upande wa pili.

Alitaka kujibu. Lakini mzee alikuwa mteja, tena wa umri wa baba yake mdogo, na alikuwa ameshaanza kukamua ndimu kwenye supu kana kwamba shauri limekwisha. Albano akarudi jikoni na maneno yake.

Kesho yake alikuja na ramani. Aliitafuta usiku kucha kwenye sanduku la vyeti, karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, yenye milima ya St. Anton na njia zake zimechorwa kwa rangi. Mzee alipomaliza bakuli la kwanza, Albano akaitandaza mezani.

"Tazama hapa, mzee. Njia ya bluu ni ya wanaojifunza, nyekundu ya waliozoea, nyeusi ya wenye uwezo. Sasa mie nilikuwa nashuka hizi hapa, Mattun na Schindlerkar. Hizi wala hazilainishwi. Ni matuta ya theluji mwanzo mwisho, tuta linakufika kiunoni, na ukikosea moja linakutupia kwenye la pili."

Mzee aliiangalia ramani kwa adabu. "Kwa hiyo kule kwenu wanapaka rangi ili ujue ugumu."

"Ndiyo."

"Cheget hawakunipakia rangi. Nilijua ugumu nilipofika."

"Lakini mzee, mteremko ni nyuzi za mwinamo. Unapimika! Wewe ni mhandisi!"

"Nyuzi ni kitu kimoja, kijana. Paa la nyumba yangu lina nyuzi kali kuliko barabara hii, lakini fundi gani ameanguka paani kwangu? Wanaoanguka ni hapa barabarani, mvua ikinyesha. Uliza theluji ni laini au imeganda barafu. Uliza ukianguka unasimamia wapi. Uliza mawe yako wapi. Cheget matuta yapo kama ya kwako, katikati yake kuna mawe, juu yake kuna barafu, na kiti cha waya cha kukupandisha kinapiga kelele kama mlango wa ghala. Mtu akiweza Cheget, kwingine kote anakwenda kutembea."

"Upande wa kaskazini wa mlima Valluga, mzee, huruhusiwi kushuka bila kiongozi. Ukiteleza pale unakwenda moja kwa moja kwenye genge la mwamba!"

"Ndicho ninachosema. Mna viongozi."

Anselmo akapiga meza. "Mzee kakumaliza!"

Ikawa ndiyo habari ya kila asubuhi. Hakuna hata mmoja kati ya wasikilizaji aliyewahi kugusa theluji, ukiacha ile ya kwenye friza, lakini wote walikuwa na msimamo. Wengi walikuwa upande wa Cheget, kwa sababu mzee alizungumza taratibu na Albano alizungumza akipandisha sauti. Kadiri alivyokuwa na hoja nzuri ndivyo zilivyotoka vibaya. Alikuwa akiamka alfajiri na jibu kamili kichwani, jibu lisilomwachia mzee mlango wa kutokea, akifika mbele ya mzee linageuka kuwa, "Lakini mzee… hapana, mzee… sikiliza basi!"

"Mpe ushindi huyo baba wa watu," Yuliana, mkewe, alimwambia jioni moja wakiosha masufuria. "Anakula bakuli mbili kila siku. Unagombana na mteja kwa ajili ya mlima ulioko Ulaya?"

"Hajafika pale, Yuliana. Anausema vibaya mlima ambao hajauona."

"Na wewe wa kwake umeuona?"

Albano alisugua sufuria ile kwa nguvu mpaka mkewe akamnyang'anya.

Masika yalipoanza, barabara ya kuteremka bondeni ikawa udongo mwekundu mtupu, unaong'aa kama umepakwa mafuta. Bodaboda zilikuwa zikiishia mgahawani. Chini ya hapo kila mtu kwa miguu yake. Asubuhi moja mvua ilikuwa imekata kidogo, Albano akasikia kelele nje. Alipotoka alimwona mzee Lusungu katikati ya mteremko, amekaa kwenye tope, kofia imetangulia bondeni. Kila akijaribu kuinuka, mguu wa kushoto ulikuwa unanyooka mbele yake kama mti, na yeye anateleza hatua nyingine chini, kuelekea mtaro uliojaa maji.

Vijana wawili walijaribu kumfuata, wakaanguka wote. Albano hakufikiri. Aligeuza mwili upande, akakanyaga kwa kingo za viatu, goti la juu limekunjwa, uzito kwenye mguu wa chini, akashuka ubavuubavu, akiteleza na kujizuia, akiteleza na kujizuia. Mwili wenyewe ulikumbuka. Kwa mara ya kwanza tangu arudi nchini alikuwa anafanya kitu kile anachokijua, mbele ya watu, na hakuwa na nafasi hata ya kufurahi. Alimfikia mzee juu kidogo ya mtaro, akamdaka kwapani.

"Kunja goti, mzee, nikuinue!"

"Halikunji," mzee akasema kwa hasira. "Unafikiri ningekaa hapa kwa kupenda?"

Walishuka kwa shida, Albano akiwa chini, mzee amemwegemea begani, mpaka nyumbani kwake. Mke wa mzee, mama Auleria, alitoka na kanga mkononi akashika kichwa.

"Ni huo huo mguu?"

"Ni huo huo," mzee akajibu, akaketi barazani, tope likimchuruzika.

Mama Auleria akamgeukia Albano. "Huu mguu aliuacha Urusi, mwanangu. Walimteremsha mlimani kwenye machela, amevunjika goti na paja. Mwaka mzima wa masomo kitandani. Alipokuja kuniposa alikuwa anatembelea magongo."

Albano alimtazama mzee. Mgahawani wote waliamini kwamba anachechemea kwa ajali ya gari. Mwenyewe ndivyo alivyosema.

"Mbona hukuwahi kusema, mzee?"

"Niseme nini? Mimi nilikuwa najua kuteleza. Sikuwa mtu wa kujaribujaribu, nilikuwa mzuri, walimu wenyewe walisema. Nikaanguka siku ya jua, hakuna upepo, njia niliyoishuka mara nyingi." Mzee alikuwa anakwangua tope kwenye goti kwa ukucha. "Sasa kama mlima ule ni wa kawaida tu, mimi nilivunjika kwa nini?"

Lilikuwa jambo dogo, neno moja tu, "Cheget ndio mgumu zaidi," lingemtoka na mzee angepumzika. Alilifungulia mdomo. Likakataa. Alijiona mwenyewe kwenye ule upande wa kaskazini, skii zimekaa kwenye barafu kwa upana wa kidole, genge chini yake, na pumzi aliyoizuia mpaka kifua kikauma. Hakuweza kuusaliti mlima wake.

"Cheget ni mgumu, mzee," akasema hatimaye. "Nakubali ni mgumu."

"Kuliko wa kwako?"

"Mie sijafika Cheget."

Mzee akarudi kukwangua tope. "Na mimi Austria niliiona kwenye ramani yako tu," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyesuluhishwa. Ilikuwa ya mtu aliyenyimwa.

Albano alipanda mteremko kurudi, amelowa, amejaa tope, na hasira yake ikiwa kubwa kuliko siku zote kwa sababu haikuwa na mtu wa kumwelekea. Kumshinda mtu yule haiwezekani tena. Kushindwa naye pia hawezi. Na kupima haitawezekana kamwe. Mmoja ana goti lisilokunjika, mwingine hana viza wala nauli, na milima yenyewe iko mwisho wa dunia, kila mmoja upande wake.

Mzee hakuonekana mgahawani siku zilizofuata. Anselmo aliuliza mara mbili tatu, kisha akahamia kwenye ubishi wa Simba na Yanga. Siku ya nne au ya tano Yuliana alimjazia mumewe chupa ya supu, akamwekea mkononi. Albano akashuka nayo, ubavuubavu.

Alimkuta mzee ameinua mguu juu ya kigoda. Walisalimiana, wakazungumzia mvua. Mwisho Albano akatoa simu. Mtoto wa rafiki yake wa Austria alikuwa akimtumia video za watelezaji, akamwonyesha mzee moja ya Ufaransa: mtu anashuka kwenye upenyo mwembamba kati ya kuta mbili za mwamba, wima kama kisima.

"Hiyo sasa," Albano akasema. "Sie wote hatujafika. Hapo hakuna wa kwako wala wa kwangu. Si ndio mgumu kuliko yote?"

Mzee aliisogeza simu karibu na macho. "Huo? Kuta zimeukinga na jua na upepo. Theluji humo laini kama unga. Mtu anashuka amesinzia."

"Amesinzia! Mzee, upana wenyewe skii haipiti ikikingama!"

"Basi asiikingamishe."

Albano akasimama, akatoka, akapita getini. Alikuwa amefika katikati ya mteremko mama Auleria alipomwita kwamba amesahau simu. Akarudi. Mzee alikuwa ameishika bado, ameiinamia, kidole kikigusagusa kioo.

"Imezima," akasema. "Iwashe. Nataka kuona pale chini anapotokea, maana pale juu umenizungumzisha sikuona vizuri."

"Si umesema ni rahisi?"

"Nimesema juu ni rahisi. Kaa."

Albano alikaa. Akaiwasha simu huku amekunja uso, na kabla mtelezaji hajafika hata kwenye mwamba wa kwanza, walikuwa wameshaanza tena.