Ndege Mpya wa Mwalimu Othmani

Mwalimu Othmani alipostaafu, mwanawe alimletea kamera yenye lenzi nene kama mchi. Kabla ya hapo hakujua kutofautisha njiwa na kanga. Miezi mitatu baadaye alikuwa mtaalamu. Kila alfajiri alivaa shati la mabaka ya kijani, akapanda bodaboda kutoka Kilindoni hadi ukingo wa msitu wa Mlola, na huko akaanza kunyata. Wanawake waliokwenda kukata ukindu walimkuta kalala kifudifudi katikati ya njia. Wakimwamkia, aliinua kidole.

"Shii! Mnafukuza wanyama!"

"Wanyama gani, mwalimu?" Mwanahalima, msusi wa mikeka aliyeujua msitu ule tangu utotoni, alimwuliza siku moja. "Komba wamelala kwenye ule mti wenye pango. Nikupeleke?"

"Bi Mwanahalima, hii ni sayansi. Wewe kakate majani yako."

Mwezi huohuo wa tatu alipiga picha iliyomtoa machozi. Nyuma ya matawi alisimama ndege wa zambarau tupu, mwenye kishungi kichwani. Othmani alikipekua kitabu chake cha ndege jalada hadi jalada, hayumo. Akaituma picha kwenye kundi la WhatsApp: "Ndege mpya duniani. Nimempa jina: Zambarau wa Othmani." Pongezi zikamiminika. Diwani akaahidi kumjengea ndege huyo sanamu. Picha ikamfikia Sabra, mtafiti wa ndege aliyekuwa Dar es Salaam, naye akafunga safari.

Othmani aliongoza msafara wa watu kumi na wawili, diwani akiwa na suti. Kwanza aliwahutubia nusu saa juu ya umuhimu wa kunyamaza. Kisha wakaingia msituni, na baada ya mwendo mrefu majani yakatikisika.

"Huyo!" alinong'ona.

Sabra aliinua darubini. Akatazama. Akaishusha.

Nyuma yao akatokea Mwanahalima na mzigo wa ukindu kichwani.

"Alhamdulillahi! Mmemwona kuku wangu!"

"Kuku?" diwani akauliza.

"Tembe wangu wa kishungi. Nilimpaka rangi ya mikeka ili majirani wasije wakasema ni kuku wao. Wiki ya nne hii katoroka, kumbe kaja kuatamia huku."

Akatua mzigo, akaita, "Kruu, kruu, kruu!" Zambarau wa Othmani akatoka kichakani mbio, vifaranga saba nyuma yake.

Diwani ndiye aliyecheka kuliko wote, kana kwamba sanamu iliahidiwa na mtu mwingine. Othmani alijifuta jasho.

"Yawezekana," alisema, "huyu ni kuku aliyefanana naye tu."

"Aliyefanana na nani, mwalimu?" Sabra akauliza kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kicheko.

Sabra akamgeukia Mwanahalima, akamwuliza ni wanyama gani wengine anaowajua. Mwanahalima akawapeleka kwenye mti wenye pango. Kabla ya adhuhuri Sabra alikuwa amepiga picha za komba watatu waliolala wamekumbatiana. Wakati wa kurudi, vifaranga walikuwa ndani ya kanga ya Mwanahalima. Tembe alikabidhiwa Othmani, akambeba njia nzima, rangi ikimchujukia shatini.

Jioni aliandika kundini kwamba leo amewaongoza wageni kuwaona komba. Waliomjibu walimtumia picha za kuku.