Kikohozi cha Msimu wa Salfa

Msimu wa kupulizia mikorosho, Lisekese nzima hukohoa. Unga wa salfa unaingia puani, unaingia kwenye uji, unaingia hata chumbani kwa mtu asiye na mkorosho hata mmoja. Ndiyo maana mtu akikohoa huku kwetu hakuna anayegeuka kumtazama. Watasema "Salfa hiyo," na mazungumzo yataendelea.

Na mimi ningesema hivyo hivyo. Ila mikorosho yangu nimeshaikodisha tangu miguu ianze kunisumbua, na mashine ya kupulizia haijapita karibu na nyumba yangu. Halafu salfa haileti homa. Jua la mchana linawaka nje, mimi nimejifunika blanketi natetemeka. Nilijua ni mafua, yale mabaya yaliyokuwa yanazunguka sokoni, na kesho yake ilikuwa arobaini ya mjukuu wangu kule Mkomaindo.

Katika ukoo wetu, siku ya arobaini mtoto hutolewa nje kwa mara ya kwanza, na anayemtoa ni bibi mzaa baba. Anavuka naye kizingiti, anasema mbele ya watu: "Huyu ni wetu." Kisha mtoto anapita mkono kwa mkono, kila mtu anambusu. Bibi asipotokea, watu hawaulizi kama anaumwa. Wanajua amemkataa mtoto. Na kila mtu alijua kwamba ndoa ya mwanangu Abdulatifu na Violet, mwalimu aliyetoka Mbeya, sikuitaka.

Lakini mtoto nilimtaka. Tangu mume wangu afariki nakaa peke yangu, nazungumza na kuku, na kuku hawana habari na mimi mpaka waone pumba. Nilikuwa nimeshafua kitenge cha kumbebea.

Jioni alikuja Vitalis wa bodaboda kuuliza anifuate saa ngapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nikakohoa mpaka nikashika ukuta.

"Salfa hiyo, mama. Wote tunakohoa. Kunywa maziwa, kesho twende zetu."

Kijana wa watu alinipa njia nyeupe kabisa, na nilitamani kuipita. Lakini nilimkumbuka Faidha, mtoto wa kwanza wa Abdulatifu na Violet. Arobaini yake nayo iliangukia msimu huu huu. Uwanja ulijaa watu na vikohozi, wote wakasema salfa, wote wakambusu. Korosho za kwanza hazijaanguka, tukawa tumeshamzika. Kifua kilimbana. Nani alimwambukiza, hajulikani mpaka leo.

Nikamwambia Vitalis asije. Kisha nikachukua simu, nikampigia mtu nisiyempigia. Kibibi ni mke mwenzangu. Marehemu mume wetu Muharami alimjengea mjini, na kila alipochelewa kurudi nilijua anakula wapi. Tulimzika pamoja, kisha tukaacha kusemeshana.

"Shikamoo, Mama Abdu," akasema, sauti imejaa mashaka.

"Marahaba. Kesho mtoe wewe mtoto."

"Mimi? Watasema nimekupora."

"Waache waseme. Waambie nina mafua, si salfa. Na mwenye kikohozi, hata akiapa ni salfa, akae mbali, asimshike. Mtoto asibusiwe na mtu."

"Watu watakasirika, dada."

"Wakikasirika watapona. Na Kibibi, sema 'wetu'. Usije ukasema 'wangu'."

"Nitasema wetu," akajibu, na roho iliniuma nilipomsikia analia.

Kesho yake nilikaa kizingitini na simu yangu ya kitochi sikioni. Abdulatifu alipiga, akaishika simu juu ili nisikie. Nilimsikia Kibibi: "Huyu ni wetu." Vigelegele vikapanda. Kisha akawaambia yale niliyomtuma, kwa sauti, neno kwa neno. Mwanamke mmoja akacheka. "Mafua! Msimu huu nani hakohoi? Aseme tu kuwa hamtaki." Mwingine akaguna, akauliza tangu lini mtoto akanyimwa busu siku yake.

Violet akasema, "Asiguswe. Mama amekataza." Kumbe aliweza kuniita mama nisipokuwepo. Nilifurahi mno, na sikuwa na wa kumwambia.

Kelele zikapungua. Nilisikia Abdulatifu anatembea, anafunga mlango, kisha sauti yake ikaja karibu.

"Mama, niambie mimi tu. Kweli unaumwa?"

Usiku kucha nilikuwa nimekohoa mpaka mbavu zikauma. Sasa nilikitafuta kikohozi kifuani, kimoja tu, mwanangu akisikie. Kikakataa kuja.

"Naumwa, baba," nikasema.

"Haya, mama. Pole," akasema, akakata simu.