Ukurasa Usiogeuzwa

Mimi husoma mwisho kwanza. Kabla sijajua mtu anaitwa nani, nafungua ukurasa wa mwisho nione nani kabaki hai, ndipo narudi mwanzo na kukaa kitako. Wifi yangu Saïda, binamu yake mume wangu, aliyekuwa akiniletea vitabu, alisema hiyo ni tabia ya mdokozi, anayefunua chungu kabla wenye nyumba hawajanawa mikono. Nikamwambia nimekwisha kushtushwa vya kutosha. Alijua.

Saïda alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ndogo ya Ambatoloaka. Wazungu waliokuja kuota jua walisoma riwaya ufukweni, na wakiondoka waliziacha chini ya kitanda, kurasa zimevimba kwa maji ya bahari, zinanuka mafuta ya kujipaka. Mpishi wa hoteli alizitumia kuwashia moto. Saïda alimwahi, akazitia kapuni chini ya khanga yake, akaniletea Dzamandzar, nilikokaa na mama mkwe wangu, Bi Oumi, katika chumba cha uani nyumbani kwa wazazi wa Saïda. Zilikuwa riwaya za Kifaransa, nyingi za mauaji. Nilizisoma zote. Kifaransa nilikisoma shuleni kwetu Mahajanga, na mpaka hapo kilikuwa hakijanifaa kwa lolote.

Mume wangu Chaher alikuwa fundi cherehani. Desemba ya mwaka sabini na sita, watu walipoanza kuwawinda Wangazija katika mitaa ya Mahajanga, alitoka nyumbani kwenda kufunga duka lake, kwa sababu ndani mlikuwa na nguo za watu. Hakurudi. Waliokufa siku zile walizikwa pamoja, haraka, bila majina. Hatukuonyeshwa maiti, wala kaburi, wala kiatu. Wenzetu wengi walipelekwa Ngazija. Bi Oumi alikataa. Alisema huko ni mbali, mwanawe akitutafuta hatatufikia. Tukaja kisiwani Nosy Be.

Kanzu ya Ijumaa ya Chaher tulikuja nayo. Kila Alhamisi Bi Oumi aliifua na kuianika, na jioni aliikunja. Mwaka wa tatu ilikuwa imeanza kuchanika mabegani. Ilichakaa kwa kufuliwa, si kwa kuvaliwa.

Sikuwa nikilia. Nilikula, nilipika, nilisukwa nywele. Watu wa mtaa walinisifu kwa subira, nami sikuwasahihisha. Lakini king'ora cha kiwanda cha sukari kilipolia kubadilisha zamu, wanaume wakamiminika barabarani wakiitana kwa Kibuki, lugha ya wenyeji, kifua kilinibana na mikono ikafa ganzi mpaka kwenye viwiko. Walikuwa wakienda kula tu. Nilijua, na kujua hakukusaidia. Kilichosaidia ni kitabu. Niliweka kidole chini ya mstari, nikausoma, nikashuka kwenye unaofuata. Mistari haikimbii. Ukurasa ukiisha, wanaume walikuwa wamekwisha kupita. Sisemi nilifurahi. Nasema kwamba kwa muda ule hofu ilikuwa ya mtu mwingine, nami niliitazama kama unavyotazama mvua ukiwa ndani ya nyumba isiyovuja.

Baada ya Idi ndogo ya mwaka sabini na tisa alikuja shemeji yangu Djaanfar, mdogo wake Chaher, kutoka Mahajanga. Alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki kule, akifanya kazi bandarini, akisema kidogo na kutembea karibu na kuta. Alikuja kwa jambo moja. Fundi wao, yaani mwalimu wa Kurani aliyewasomesha utotoni, alikuwa amemwambia kwamba muda umetosha: familia ikubali, khitma ya Chaher isomwe, na siku hiyo hiyo eda yangu ianze kuhesabiwa. Pasipo hivyo ningebaki nilivyo, si mke wala mjane, na nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Bi Oumi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza nani aliyeiona maiti. Djaanfar akatazama chini. Akamwuliza tena kama alikuwa amekuja kumla nyama kaka yake. Kwetu khitma ya mtoto haisomwi mama akiwa amekataa. Inaweza kusomwa, lakini hakuna atakayekuja. Djaanfar alilala siku mbili, na asubuhi ya kuondoka alinikuta kisimani.

"Shemeji, zungumza naye wewe," alisema. "Nitangoja mpaka Idi kubwa. Baada ya hapo sitauliza tena."

Nikamjibu sawa. Sikuwa na neno hata moja la kumwambia Bi Oumi.

Wiki hiyo nilikuwa nikisoma habari za fundi saa wa mji mmoja wa baridi huko Ulaya. Kila Jumapili alipanda mnara kuitia ufunguo saa ya mji. Jumapili moja alitoka asirudi, na saa ikasimama. Mkewe alibaki dukani na saa za watu zilizoletwa kutengenezwa. Hakuzirudisha kwa wenyewe, kwa kuwa kurudisha kungekuwa kukiri. Mpelelezi aliyetumwa kumtafuta alikuwa na mafua tangu ukurasa wa kwanza. Alimwuliza mke swali la maana sana, akapiga chafya kabla hajajibiwa, akasahau swali. Nikacheka.

Bi Oumi aliinua uso kutoka kwenye ungo wa mchele. Nilingoja maneno makali, kwamba nacheka na kanzu iko kambani. Hakuyasema. Aliuliza nini kinachochekesha, nikamweleza. Akasema mtu huyo anywe mchaichai. Kesho yake, baada ya alasiri, ungo mapajani, akaniuliza kwa sauti ya mtu asiyejali:

"Yule mwenye mafua amepona?"

Ndivyo nilivyoanza kumsomea. Macho yalisoma Kifaransa na mdomo ulisema Kingazija. Mwandishi alichukua kurasa mbili kueleza baridi. Kingazija kilimaliza kwa neno moja na nafasi ikabaki. Theluji ilitupa taabu. Nilisema ni kitu cheupe kinachoanguka kutoka juu na kufunika mapaa. Bi Oumi akauliza kama inafanana na sukari ya kiwandani. Nikasema, basi, ni sukari isiyonata. Akaridhika, na tangu hapo mji ule wote, kwake na kwangu, ulikuwa umefunikwa na sukari.

Saïda akitoka kazini alikaa nasi, akamchokoza kila mtu. Alisema mpelelezi anamtaka mke wa fundi saa, ndiyo maana haponi. Bi Oumi alimwambia anyamaze, awaache wanaosikiliza wasikilize.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimesoma mwisho. Fundi saa alikuwa amekufa. Alianguka mtoni Jumapili ile ile, maji yakaganda juu yake, na hakuonekana mpaka barafu ilipoyeyuka. Kitabu kizima watu wanamtafuta, naye yuko chini ya daraja wanalopita kila siku. Zilipobaki kurasa chache barafu ianze kuyeyuka, Bi Oumi alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Mahajanga. Aliweka ungo chini kabisa, akaniuliza:

"Atarudi, siyo?"

Nikamwambia tusubiri tusikie. Na siku iliyofuata nilifungua kitabu mahali pale pale, nikaanza kutunga. Nilimpa fundi saa shangazi wa mji wa mbali. Nilimpandisha treni. Nilimleta mwenye duka la mkate aliyeapa kwamba alimwona kituoni na sanduku. Bi Oumi alimpenda sana mwenye duka la mkate, akamwombea dua. Ilikuwa kazi rahisi kuliko nilivyodhani. Ningeweza kumpitisha mtu yule vituo vyote vya Ulaya.

Lakini mimi nilikuwa sisomi tena. Kidole kilikaa chini ya mstari ule ule, na maneno yaliyotoka yalikuwa yangu, na hofu nayo ikarudi kuwa yangu. King'ora kikilia, kifua kilinibana kama zamani. Nilijaribu kitabu kingine nikiwa peke yangu. Herufi zilikuwa wadudu. Nililala nikiwa macho, na Idi kubwa ilikaribia. Saïda aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia hapana, na kweli sikusikia maumivu yoyote. Sikusikia kitu.

Bi Oumi ndiye aliyeuvunja uongo ule. Tulikuwa uani, yeye anachagua mchele, mimi namshusha fundi saa kwenye treni nyingine.

"Rabiata."

"Labeka, Mama."

"Ukurasa huo umekuwa mrefu."

Kidole changu kilibaki pale pale.

"Mimi sijui kusoma," alisema, "lakini si kipofu. Zamani ulikuwa unageuza. Sasa hugeuzi." Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Fundi saa amekufa."

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku aliyotoka."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Alipepeta kidogo, makapi yakaruka. Sikumtazama usoni. Nilitazama mikono yake.

"Mkewe je?"

"Anajua. Ila hakuna aliyemwambia."

"Basi mwambieni," akasema. "Mtu hawezi kukaa na saa za watu maisha yake yote." Kisha, kwa sauti ya chini: "Soma. Kama ilivyoandikwa."

Nikageuza ukurasa. Nikasoma barafu ilivyopasuka, na wavulana waliouona mkono, na mpelelezi aliyepanda ngazi za duka polepole akiwa amevua kofia. Mke alimkaribisha kiti. Alipoambiwa, alifungua kabati, akaanza kuzipanga saa za watu mezani ili wenyewe waje kuzichukua. Hapo ndipo kitabu kinapoishia. Nilipokifunika niligundua kwamba barabara ilikuwa tupu. King'ora kilikuwa kimelia na wanaume wamepita, nami sikuwasikia.

Bi Oumi alisema tu kwamba yule mwanamke alifanya vizuri kumpa mgeni kiti.

Alhamisi hakufua. Aliikunja kanzu kavu ilivyokuwa, akaitia sandukuni, akamwambia Saïda apeleke salamu Mahajanga kwa watu wa meli: Djaanfar aandae nyumba.

Saïda alitusindikiza mpaka bandarini. Alinipa kitabu kinene kuliko vyote.

"Hiki cha eda, wifi," alisema. "Na usihangaike kutafuta mwisho. Nimeuchana, ninao mimi. Ukimaliza eda uje uuchukue."

Nilifungua nyuma palepale. Kweli aliuchana, mwizi yule.

Mahajanga sikuitazama sana. Niliona nyumba nyingine zina wenyewe wapya, na mlango wa duka la Chaher umepakwa rangi ya kijani. Djaanfar alitushika mikono, akatupitisha njia za nyuma.

Khitma ilisomwa baada ya Ijumaa. Wanaume walikaa barazani, sisi chumba cha ndani, misahafu ya juzuu ikagawiwa, kila mtu sehemu yake, wote wakisoma kwa pamoja, kila mmoja juzuu yake, mpaka chumba kikavuma kama mzinga. Hivyo ndivyo Kitabu huisha kwa kikao kimoja bila mtu yeyote kukisoma chote. Wasiojua kusoma hukaa pembeni na kurudia Kul-huwa-llahu, na thawabu ni ile ile. Mgawaji alipomfikia Bi Oumi alitaka kumpita. Bi Oumi akanyoosha mkono.

"Mama, si ungesoma Kul-huwa-llahu?" mgawaji alimwambia kwa adabu.

"Nipe juzuu," alisema Bi Oumi.

Akapewa. Alikaa karibu yangu, goti kwa goti, akafungua mahali palipotakiwa kufunguliwa, upande wa kulia, akaweka kidole chini ya mstari. Kisha hakuitazama juzuu yake tena. Aliutazama mkono wangu. Nilisoma polepole. Nilipogeuza ukurasa, naye aligeuza wake.