Matairi Yanayolia

Binti yangu aliyapiga teke matairi ya gari langu, moja baada ya jingine, akazunguka mpaka akarudi alipoanzia.

"Baba, na haya sikuruhusu uende hata sokoni."

"Ndiyo yaliyonifikisha hapa."

"Jeneza nalo humfikisha mtu."

Fundi wake, mwanamume mwenye ndevu za mvi tunayemwita Presha kwa sababu hajawahi kuwa na haraka na jambo lolote, aliinama akapitisha kidole kwenye nyufa za mpira. "Mzee wangu, hili limepasuka kama kisigino cha kiangazi." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimesimama mguu upande, nataka kuondoka.

Mimi ni mtu wa kuondoka. Nimeendesha malori, mabasi, gari la wagonjwa, hata gari la kuvuta maji machafu, na kila nilipozoea chumba nilianza kuutazama mlango. Marehemu mama wa wanangu alikuwa akisema kivuli changu ndicho kilichomwoa, maana mwenyewe sikukaa. Sasa nimezeeka, naishi kwa binti yangu nyuma ya duka lake la matairi, na nyayo bado zinaniwasha. Nikishika ufunguo wa gari tu, kuna mtu atauliza, "Baba, unakwenda wapi?" Utamjibu nini mtu anayeuliza hivyo, na wewe mwenyewe hujui?

Ndipo nikasikia habari za uwanja wa mbio za magari. Jumapili hufunguliwa kwa watu wa kawaida. Unaingia na gari lako lile lile la kwendea kazini, linakaguliwa, unavishwa helmeti, unazunguka. Maisha yangu yote nimeendesha nikiwa na basi la mtu mbele na ng'ombe wa mtu pembeni. Nilitaka mara moja tu nikanyage mpaka chini bila kumwomba mtu njia. Binti yangu alifikiri siku mbili tatu, akasema bora huko kuliko barabara kuu, ila matairi atayachagua yeye.

Kitu asichokijua ni kwamba masikio yangu yalikuwa yameanza kuniaga. Hayajaenda yote. Sauti nene nazisikia: injini, ngurumo, wanaume, na binti yangu mwenyewe, ambaye Mungu alimpa sauti ya afande. Nyembamba ndizo zilizohama. Nilianza kuliona birika linatoa mvuke bila filimbi, nikadhani limeharibika. Ndege wakawa wanafungua midomo bure. Kisha siku moja nikaingia mbele ya pikipiki iliyokuwa ikinipigia honi, na kijana wa watu akaishia mtaroni, Mungu akamnusuru. Wanangu waliitisha kikao. Niliwaambia nilikuwa na mawazo. Kaka yao mkubwa akasema, "Sawa, baba. Likitokea jingine, ufunguo unabaki mezani." Nikaapa halitatokea. Kwa hiyo masikio niliyafungia moyoni. Wangeyajua, gari lingekwisha siku hiyo hiyo, na mimi bila gari ni mtu aliyewekwa rafuni.

"Chagua wewe basi," nilimwambia binti. "Nataka yale laini. Yale ya wenye mbio."

Alicheka kwa pua. "Yale hung'ang'ania lami kama gundi, halafu yakichoka hayakuagi. Unajikuta umeangalia ulikotoka. Mtu anayekwenda mara ya kwanza huvaa tairi la kawaida, jipya, gumu kidogo." Akaliburuta moja kutoka kwenye rundo, akalisimamisha mbele yangu. "Hili hapa. Uzuri wake linalia. Kabla halijateleza linapiga kelele kweli kweli. Likilia, unapunguza mguu. Mtoto anaweza."

Tairi linalolia! Amelichagua kwa mapenzi, na ni sawa na kumpa kipofu taa.

"Silipendi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Rangi yake."

Presha aliacha kazi, akanitazama. "Mzee, tairi lina rangi ngapi?"

"Nyeusi hii imepauka."

"Baba, una nini leo?"

"Nataka yasiyo na kelele. Mtu mzima na gari linalopiga mayowe, si heshima."

"Heshima uliiacha ulipoomba kwenda kuzunguka na vijana," alisema binti, na kumwashiria Presha alete jeki.

Ningesema nini zaidi? Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikakaa juu ya rundo la matairi, nikainuka. Waliyavua yale ya zamani, wakavalisha mapya kwenye rimu, wakayazungusha kwenye mashine na kugonga vile vipande vya risasi vya kusawazisha uzito. Nilikuwa nikijipangia. Kitako cha dereva kinajua mambo mengi, nikajiambia. Nimeendesha lori la mbao gizani bila taa za mbele, nitashindwa na kona za lami safi? Huo ndio uongo ambao mtu hujiambia kwa sauti tamu.

Kumbe binti alikuwa na lake. Nyuma ya duka kuna kiwanja cha lami, zamani palikuwa na ghala, hapo ndipo wanapojaribia magari ya wateja. Alishika usukani, akanikalisha upande wa abiria.

"Nitazunguka, nikaze kidogo kidogo. Yakianza tu kulia, sema 'sasa.' Nataka uijue sauti yake kabla ya Jumapili."

Tukaenda. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho. Huyu tangu mdogo, kitu kikimkera masikioni, hukunja pua. Akakunja pua.

"Sasa!"

"Vizuri. Tena."

Akakunja pua. "Sasa!"

"Vizuri sana, baba." Akanyoosha gari, akanigeukia. "Lakini mbona unaniangalia mimi? Kule sitakuwapo. Fumba macho."

"Nitapata kizunguzungu."

"Fumba."

Nikafumba. Gari likaanza kuzunguka, bega langu likalalia mlango, nikasikia injini ikinguruma na kitu kingine chochote hapana. Nikangoja. Nikavuta pumzi. Nikabahatisha kama mtu anayerusha jiwe kisimani.

"Sasa!"

Gari lilisimama. Nilipofumbua macho, Presha alikuwa ametoka karakana, vidole viwili ndani ya masikio. Nyuma yake wateja wawili wamejipanga wanatutazama, na mwanamke wa nyumba ya jirani ameegemea ukuta na nguo mbichi mkononi.

"Yamelia tangu tulipoanza kugeuka," alisema binti yangu. "Watu wametoka kuona nani kagongwa."

Nikajifanya natafuta kifungo cha mkanda.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu lini nini?"

"Baba."

"Birika," nikasema. "Birika ndilo lililoanza."

Alishika usukani ingawa gari lilikuwa limesimama. "Na ile pikipiki?"

"Sikuisikia."

"Mjukuu wako anapanda gari hili. Unampeleka shule humu." Ile sauti ya afande ilikuwa imemtoka kooni, nikalazimika kumtazama midomo ili nimpate. "Siku zote hizo ulikuwa unampeleka huku ukijua."

Alishuka, akaupiga mlango. Huo niliusikia.

Presha alikuja akaegemea dirisha. "Sikio la kufa halisikii dawa, mzee wangu."

"Nyamaza."

"Umenisikia? Basi halijafa."

Nilitoa ufunguo pale ulipokuwa umechomekwa, nikashuka, nikatembea mpaka geti la mtaani. Nilikuwa na nia gani, sijui. Labda nisubiri wote waingie ndani, nirudi niwashe, niende tu, mji wa pili, wa tatu, kama zamani. Nilikuwa na shati moja na hamu kubwa, na kuna miaka hivyo vilinitosha. Nikakanyaga barabara nikiwa na mawazo hayo. Upepo ukanipiga kwenye mkono wa shati. Mtu wa baiskeli alinipita, amejipinda mpaka magoti yanagusa usukani, mdomo wazi, na kidole gumba bado kinabonyeza kengele kwa hasira. Kilibonyeza, kikabonyeza. Kwangu ilikuwa kama mtu anayebonyeza kitufe cha shati.

Alipofika mbali aligeuka kunitukana. Matusi hayo sikuyapata, lakini niliyastahili.

Niliporudi, binti alikuwa anabingirisha tairi jingine mwenyewe, aina tofauti, macho yamemwiva. Hakunitazama.

"Uwanjani magari yote huenda upande mmoja," alisema, kwa sauti ile yake nene. "Hakuna mtoto anayevuka. Hakuna baiskeli. Amri wanatoa kwa bendera. Huko macho yanatosha. Barabarani hayatoshi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Haya hayalii sana. Ubavu wake mgumu, kwenye mashimo yatakupiga mgongo, lakini yanaongea na mikono. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, kama unasukuma mlango uliodhani umefungwa, ujue mbele kumeanza kuteleza. Hapo unapunguza mguu. Hukazi, hupigi breki. Unapunguza."

"Kwa hiyo nitakwenda?"

"Utakwenda. Nitakupeleka mimi, nitakurudisha mimi. Na kuanzia leo ufunguo unakaa kwangu. Jumapili ndani ya ule uwanja, gari ni lako. Ukitoka nje ya geti lake, wewe ni abiria."

"Mpaka lini?"

"Baba, hili halina mpaka lini."

"Na nikikataa?"

"Hapo hutapata hata Jumapili. Na kaka nitampigia simu sasa hivi."

Presha alijifanya anatafuta spana. Mimi nilitazama lile tairi. Niliona barabara zote ambazo sijazipita, zipo nyingi, mtu hazimalizi, na niliona kidole gumba cha yule mtu wa baiskeli. Ningekuwa peke yangu duniani ningechagua barabara na nife nayo. Lakini kwenye kiti cha nyuma cha gari kulikuwa na kofia ya shule ya mjukuu wangu, imegeuzwa ndani nje kama anavyoiacha siku zote.

"Fungeni hayo," nikasema, na kumpa ufunguo.

Jumapili uwanjani msimamizi alinikagulia mkanda, akanionyesha bendera moja moja na maana zake, polepole, kwa vile binti alishamwambia habari za masikio yangu. Akapunguza upepo kidogo kwenye matairi, akasema yakipata moto utajaa wenyewe. Nikaingia.

Mzunguko wa kwanza niliendesha kama ninabeba mayai. Wa pili, kwenye kona ndefu ya kulia, usukani ulilegea mikononi, vile vile kama mlango alioniambia. Nikapunguza mguu. Gari likashika lami tena, likanirudia. Nikacheka ndani ya helmeti peke yangu. Ilikuwa kama kusemeshwa na mtu baada ya kununiwa siku nyingi. Nikakaza. Kona iliyofuata likaniambia tena, nikalisikia kwa viganja, na kwenye sehemu iliyonyooka nikakanyaga mpaka chini, hakuna basi, hakuna ng'ombe, ukuta ukawa utepe mmoja mweupe.

Tatizo lilikuwa geti. Lile la kutokea lipo mwisho wa sehemu iliyonyooka, na siku hiyo lilikuwa wazi, na nje yake ilionekana barabara kuu na lori moja linapanda kilima, taratibu, limefunikwa turubai. Mzunguko uliofuata lori lilikuwa limefika juu. Uliofuata halikuwapo. Nilipita pale tena na tena, na kila nikipita shingo iligeuka, na gari nalo likaanza kuchepuka upande wa shingo. Msimamizi akanionyesha bendera ya kuingia.

Binti yangu alinifungulia mlango. Alikuwa na jasho kuliko mimi.

"Umeendesha vizuri. Ila kila ukifika pale mwisho ulikuwa unawasha indiketa. Watu wote wameona. Ya nini?"

"Mazoea."

"Mazoea gani, na njia ni moja?"

"Ya kuondoka, mama."

Akaniondolea helmeti kichwani kwa mikono miwili kama alivyokuwa akimvua mwanawe kofia, akanyoosha kiganja. Ufunguo ulikuwa bado umechomekwa, lakini nilielewa. Nikauchomoa, nikampa, nikazunguka mbele ya gari, taratibu kadiri nilivyoweza. Yeye akaketi, akavuta kiti mbele, akarekebisha vioo vyote vimtazame yeye.

"Umekaa?"

"Nimekaa," nikasema, na mguu wangu wa kulia ukawa unakanyaga sakafu tupu, kona kwa kona, mpaka nyumbani.